Peda Zilizoinamia Kushoto

Siku ile naikumbuka kwanza kwa harufu, mwanangu: iliki, maziwa yanayokaukia jikoni, na mvua ya London iliyokuwa ikiingia kila mlango wa duka ulipofunguliwa. Nilikuwa binti mwembamba, usicheke, picha zipo, na nilisimama nyuma ya kabati la vioo la duka la vitamutamu vya Kihindi kule Kingsbury, nikiomba ardhi ipasuke inimeze. Haikupasuka. Ardhi ya nchi hii ni ngumu, tena juu yake wametandika zulia.

Ngoja kwanza nikukumbushe kwa nini nakuhadithia haya. Jana ulikuja hapa umefura, hata viatu hukuvua. Ukaniwekea simu mbele ya macho: mikono ya bibi harusi wa Woolwich, imepakwa hina na Mariam, yule msichana anayekubebea mikoba na kukukorogea hina. Amepaka peke yake, bila kukwambia. Na kapaka mambo yako yote, maua yako, majani yako, hata ule mtindo unaokujulisha kwa watu, wa kukiacha kidole kidogo kitupu bila hina. "Bibi," ukasema, "hata kidole kidogo!" Kisha ukaendelea kwa Kiingereza, kama kawaida yako ukikasirika, na katika hicho Kiingereza nilichokielewa vizuri ni kwamba keshokutwa unamfukuza. Nikakupa chai, nikanyamaza. Leo umetulia, kwa hiyo leo nazungumza mimi.

Nilipofika London nilikaa kwa shangazi yangu, Woolwich, na kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kusafisha maofisi alfajiri, wakati wenye ofisi wamelala. Sikuipenda hata siku moja. Sikuwa na mtu wa kuzungumza naye ila mashine ya kufyonza vumbi, nayo ilikuwa na kelele kunishinda. Ndipo shangazi akarudi sokoni na habari kwamba Kingsbury kuna Wahindi wa kwetu wanatafuta msichana wa kuuza dukani. Wahindi wa kwetu, ndivyo alivyosema, kama anayetaja binamu zake. Nikapanda treni mbili, nikavuka mji mzima, nikaingia dukani natetemeka kwa baridi. Kando ya mlango alikuwa amekaa bibi mmoja mwenye sari nyeupe na soksi nene za sufu. Akanitazama kutoka juu mpaka chini, akaniuliza kwa Kiswahili cha Unguja safi kabisa: "Wewe mtoto wa nani?" Moyo wangu ukakaa mahali pake. London nzima ilikuwa haijaniuliza swali hilo.

Bibi huyo wote tulimwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati. Alizaliwa Unguja, akaolewa Unguja, akaja huku na mwanawe, Bwana Jayanti, ambaye ndiye aliyekuwa mpishi na mwenye duka. Bwana Jayanti alikuwa mkimya. Ungeweza kukaa naye kutwa ukasikia mwiko wake tu. Ba alikuwa kinyume chake. Mikono yake ilichambua iliki, na mdomo wake ulihadithia.

Alihadithia zile hadithi kubwa za kale za kwao: mwana wa mfalme aliyepelekwa uhamishoni porini na mkewe akamfuata, mfalme mwenye vichwa kumi aliyemwiba huyo mke, nyani aliyeruka bahari kwenda kumtafuta, na zile nyingine za binamu waliopigania ufalme mpaka karibu wamalizane. Majina yao Ba aliyataja yote, marefu na mazuri. Mimi siyataji kwa sababu ulimi wangu unayakwaruza, na wenyewe wapo, wasije wakanicheka. Shangazi alipopata habari akaniuliza kama nimebadili dini. Nikamwambia, "Shangazi, namsikiliza mtu mzima, basi." Jumamosi iliyofuata akaja mwenyewe, ati kununua vitamutamu vya ladu, akakaa mpaka duka likafungwa, kwa sababu nyani alikuwa bado yuko hewani.

Na Ba hakuhadithia kama kasuku. Aligombana na hadithi. Alikuwa akisimama katikati na kuuliza, huyu nyani kabla ya kuruka alikula nini? Wazee wake hawakumwambia. Basi yeye akasema alikula muhogo wa nazi, kwa sababu safari kama ile mtu haiendi na kipande cha mkate tumboni. Bwana Jayanti angepaza sauti kutoka jikoni, "Ba, hiyo haimo!" Naye angemjibu bila kugeuka, "Sasa imo." Watoto wa mtaa ule, waliozaliwa hapa hapa na kujibu kila kitu kwa Kiingereza, walilijua jibu hilo kwa Kiswahili na walilisema pamoja naye.

Sasa peda. Wewe umezila kwenye harusi bila kujua shida yake. Maziwa yanatiwa ndani ya karai pana, yanapikwa kwa moto wa polepole, na mtu anasimama pale anakoroga bila kuondoka mpaka maziwa yote yamekuwa donge. Linatiwa sukari na iliki. Likipoa kidogo linafinyangwa viduara, kila kiduara kinabonyezwa katikati kwa kidole gumba, na ndani ya kishimo hicho kinakaa kipande cha lozi. Alama ya kidole ndiyo sura ya peda. Peda za Bwana Jayanti zilikuwa na sura yao peke yao: kishimo kilikaa mshazari, kimeinamia kushoto, kama mzee aliyevaa kofia upande. Wateja walizijua kwa hilo, na walizifuata kutoka mbali.

Kazi yangu ilikuwa kuuza. Jikoni niliingia kuchukua sinia na kuosha vyombo tu. Lakini kila nilipoingia nilichelewa kutoka. Nilitazama maziwa yanavyobadilika rangi, nikasikiliza mlio wa karai unavyozidi kuwa mzito yanapokaribia kuiva. Mara moja nilisogea mno, nikaegemeza mkono pasipoegemezwa, karai likanibabua kidole hiki kidogo mpaka ngozi ikatoka. Ba akanipaka asali, huku akiniuliza kama mama yangu alinituma Ulaya kuja kujichoma. Kovu lake ndilo hili.

Jumapili, shangazi akienda kutembelea watu, mimi nawasha jiko. Maziwa ya kwanza yaliungua. Ya pili yalikauka yakawa kama saruji, na shangazi aliyaona kwenye bakuli akadhani fundi mwashi amekuja. Kidogo kidogo yakanikubali. Nikazidisha iliki kama anavyotia mama yangu kwenye kila kitu, nikanyunyiza na marashi ya waridi. Kilichonishinda ni ule mshazari. Kidole changu kimenyooka, kikibonyeza kinatoa shimo la katikati, wima. Nami nilishaamini kwamba kuinamia kushoto ndiyo sheria ya peda. Nilimwona Bwana Jayanti kidole chake kimepinda anapobonyeza, nikadhani anakipinda makusudi. Nikafikiri labda ni ibada, labda upande wa kushoto una heshima yake. Basi nikawa napindua mkono mpaka kifundo kinavimba. Shangazi akaniuliza mkono una nini. Nikamwambia nimeulalia.

Utaniuliza kwa nini sikumwomba Bwana Jayanti anifundishe. Kwa sababu nilishajijibu mwenyewe, mwanangu. Nilisema moyoni, mapishi haya ni ya ukoo wao, yametoka kwa baba yake, na mimi ni nani? Msichana wa kuuza, si kabila lao wala si dini yao. Atanikatalia, na akinikatalia nitaona haya kumtazama. Bwana wa watu hakuwahi kunitamkia neno lolote la namna hiyo. Maneno yote nilimsemea mimi, na jibu lake pia nilimtolea mimi.

Basi mtaani kwa shangazi kukawa na harusi. Nikapika peda, nikazipeleka kwenye sinia nimezifunika kwa kitambaa, na kabla biriani halijaandaliwa zilikuwa zimekwisha. Nililala na furaha usiku ule. Sikujua kwamba Bi Zuwena, mama mmoja wa kwetu ambaye sauti yake hufika kabla yake, alikuwa amefunga chache kwenye karatasi laini akazitia mkobani.

Ilikuwa imebaki wiki hivi kufika Diwali, sikukuu yao ya taa, ambayo kwa duka lile ndiyo msimu wa mwaka. Mvua ilikuwa imewazuia wateja. Bwana Jayanti ametoka jikoni na sinia ya moto, mimi napanga ladu, Ba yuko kitini kwake. Mlango ukafunguliwa, akaingia Bi Zuwena na mwavuli wake, akatusalimia sote kwa mpigo mmoja, akafungua ile karatasi juu ya kabati la vioo.

"Binti yangu anaolewa," akamwambia Bwana Jayanti. "Nataka kama hizi. Hizi hizi, msinibadilishie."

Bwana Jayanti akatazama ule mshazari, akatabasamu. "Hizi zangu, mama." Akaitia moja mdomoni. Akatafuna, akaacha kutafuna, na tabasamu likaondoka. "Hii yangu," akasema polepole, "na siyo yangu. Iliki imezidi. Tena ina marashi. Nani huyu kaniiga mpaka kidole?"

Na Bi Zuwena, Mungu amrehemu, akafurahi kuwa ana jibu. "Si huyu binti yenu hapa! Alizileta harusini. Nilisema, mashaallah, wamemfundisha kweli kweli!"

Hapo ndipo nilipoiomba ardhi.

Bwana Jayanti hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akaifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole baada ya kidole, akaniambia bila kunitazama, "Vua aproni, Salma. Nenda kwenu." Kisha akasema, kama anazungumza na sinia, kwamba baba yake alimfundisha mtu mmoja tu duniani, naye ni yeye. Mwanawe anafanya kazi benki na hataki hata nguo zake zinuke maziwa. Alishakubali kwamba kazi hii itaishia mikononi mwake. "Lakini iishie mikononi mwangu," akasema. "Isichukuliwe nyuma ya mgongo wangu."

Nikashika kamba za aproni. Niliona wazi maofisi ya alfajiri na mashine yao ya vumbi yananingoja. Lakini sikulia kwa ajili ya hayo. Nililia kwa kufikiri kwamba kesho Ba atahadithia na kitini pangu hakuna mtu.

"Hakuna anayekwenda popote," Ba akasema. "Jayanti, funga mlango, baridi inaingia. Zuwena, kaa. Na wewe mtoto, lilia pembeni, hizo ladu zinauzwa."

Tukakaa. Bwana Jayanti peke yake alibaki amesimama, amekunja mikono. Na Ba, huku anaendelea kuchambua iliki kama siku yoyote nyingine, akahadithia.

Alisema palikuwa na mwalimu wa upinde, bingwa kuliko wote, aliyefundisha wana wa mfalme. Akaja kijana kutoka msituni, wa watu wanaodharauliwa, akamwomba naye amfundishe. Mwalimu akamtazama nguo, akamwuliza kabila, akamkatalia. Yule kijana hakutukana. Alirudi msituni, akafinyanga udongo, akatengeneza sanamu ya mwalimu, akaisimamisha chini ya miti, akawa kila asubuhi anaiamkia na kujifunza mbele yake peke yake. Akajifunza hata akawapita wana wa mfalme wote, akampita na yule kipenzi ambaye mwalimu alimwahidi kwamba hatatokea wa kumshinda. Siku moja mwalimu akapita msituni akamwona anavyolenga. Akashangaa, akamwuliza, nani mwalimu wako? Kijana akaanguka miguuni pake kwa furaha, akasema, ni wewe. Basi mwalimu akamwambia, kama ni mimi, nilipe ada yangu. Nataka kidole gumba cha mkono wako wa kulia. Na kijana akachukua kisu, akakikata, akampa. Toka siku hiyo hakuweza tena kuuvuta upinde kama zamani.

Ba akachukua iliki nyingine, akaipasua.

"Ndivyo wazee wangu walivyonihadithia," Ba akasema. "Haya, semeni. Mngekuwa nyinyi?"

Bi Zuwena hakuhitaji kuombwa mara mbili. Yeye angempa cha mkono wa kushoto, akasema, na angekipaka rangi mwalimu asijue. Ba akacheka mpaka iliki zikamwagika, akakiri kwamba yeye naye alipokuwa mdogo alisema hivyo hivyo. Bwana Jayanti akamtetea mwalimu: alikuwa ametoa ahadi kwa mtoto wa mfalme, angefanyaje? Mimi niliulizwa mwisho. Nikasema, kwa sauti iliyotoka kama ya paka, kwamba mimi ningekimbia.

"Wewe!" Ba akaniambia, na hapo kicheko kikaisha. "Wewe hata usijifananishe na yule. Yule wa msituni alipiga hodi, akafukuzwa. Wewe hodi hukupiga. Umejifukuza mwenyewe, ukaenda kukaa msituni Woolwich, ukatufinyangia sanamu ya udongo yenye roho mbaya, wakati sisi tuko hapa kila siku tunakupa chai. Sikukasirikii kwa kujifunza. Nakukasirikia kwa kutudhania."

Mwanangu, nimeshagombezwa na watu wengi maishani, wengine walikuwa na haki na wengine hawakuwa nayo. Hakuna aliyewahi kunipata mahali pale. Nililia upya, lakini safari hii nilijua ninalia nini.

Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe. Umeulizwa nini? Hujaulizwa kitu, na tayari umeshakataa." Akaichukua ile peda iliyobaki, akaiinua kwenye taa, akaigeuza. Nikamwona anatabasamu kidogo upande wa mdomo, kama mtu aliyepata kitu alichokipoteza.

"Hadithi hii naisikia tangu nimezaliwa," akasema. "Na kila inapohadithiwa yule mtoto anakatwa kidole upya. Mie nshazeeka. Nataka mara moja tu arudi kwa mama yake na vidole kumi. Sikilizeni ilivyokuwa."

Na akaihadithia tena. Mwalimu anapita msituni. Anamwona kijana analenga, na kila mshale unakwenda unakotakiwa. Lakini anaona jambo jingine: kijana anasimama vibaya. Mguu mmoja kaukunja, kiuno kakipindisha, uso umejaa maumivu. Mwalimu anamwuliza, mbona unasimama hivyo? Kijana anajibu, ndivyo unavyosimama wewe. Nilikuona siku ile uliponikatalia, nikaishika. Nimeifinyanga hata kwenye sanamu, tazama. Mwalimu anaitazama sanamu, na kweli, imekunja goti. Anataka kukasirika, anashindwa, anacheka mpaka anakaa chini. Anamwambia, mwanangu, mimi nasimama hivi kwa sababu goti langu linauma! Niliangushwa na farasi nilipokuwa mdogo. Hii siyo elimu, haya ni maradhi. Na anaona haya, kwa sababu kama angemfungulia mlango siku ile, mtoto wa watu asingejitesa miaka yote kwa goti lisilo lake. Basi anainuka, anamshika mabega, anamnyoosha. Ada yake aliyoidai ilikuwa hiyo tu, kijana asimame sawa.

Bwana Jayanti alikuwa amekunjua mikono. "Ba," akasema, lakini kwa sauti ndogo, "hiyo haimo."

"Sasa imo," Ba akajibu.

Bwana Jayanti akakitazama kidole chake gumba cha kulia. Tukakitazama sote. Alikuwa mtoto mdogo Unguja, nilikuja kuambiwa baadaye, alipobanwa na mlango wa duka la baba yake, na mfupa ukaungana upande. Hakukipinda makusudi hata siku moja. Hakikuwa kikinyooka, basi. Akageuka akaingia jikoni.

"Salma!" akaita.

Nikaingia. Juu ya meza palikuwa na donge la maziwa lenye joto, na sinia tupu. Akanyoosha mkono wake. "Mwalimu anadai ada yake," akasema. "Lete kidole gumba."

"Usimpe!" Bi Zuwena akapiga kelele kutoka dukani.

Nikampa. Akanishika kifundo, kile kilichovimba, akakiona kimevimba, akatikisa kichwa. Akaninyoosha mkono polepole kama mtu anayenyoosha waya, akaweka kiduara cha peda chini ya kidole changu, akakibonyeza. Shimo likatoka katikati, wima.

"Hivi," akasema. "Hiki ndicho chako. Mimi ndiye niliyepinda. Peda haikupinda."

Tukafinyanga donge lile lote pamoja, yeye zake, mimi zangu. Alipomaliza akaosha mikono, akaniuliza, huku ananipa mgongo, kwamba ile iliki naitia wakati gani. Nikamwambia, nikishaliepua karai, siyo kabla. Siku ya pili nikamwona naye ameshaepua karai, anafungua kopo la iliki, na Ba kutoka kitini kwake akanikonyeza.

Diwali ile sinia zilitoka na safu mbili, moja imeinamia kushoto na moja imesimama. Wateja waliuliza. Ba aliwajibu wote kwa lugha yoyote waliyomwuliza nayo: hizi za mwalimu, na hizi za mwanafunzi mwenye vidole kumi. Nilifanya kazi kwenye jikoni lile mpaka Bwana Jayanti alipochoka na duka likauzwa. Leo pale wanauza simu. Ba alikuwa ameshatangulia. Alipokuwa kitandani aliniomba nimhadithie yeye, na nilimhadithia nyani na bahari, na nilipofika kwenye muhogo wa nazi alishika mkono wangu akacheka bila sauti. Nilimpenda mno bibi yule.

Sasa lete mkono wako, mwanangu. Unajua kwa nini unakiacha kidole kidogo kitupu? Watu wanasema ni mtindo wako, na wewe umewaacha waseme, hata mwenyewe umeamini. Ulikuwa mdogo, umekaa miguuni pangu pale sebuleni na kijiti chako, na mkono wa kujifunzia ulikuwa mkono wangu huu. Kovu la karai lilikuwa likiniwasha likiguswa na hina. Nikawa nakwambia, hapo paruke. Ukaruka. Ukaendelea kuruka mpaka ukawa bingwa, na leo maharusi wa London wanatembea na kidole kidogo kitupu kwa sababu mimi niliegemea karai la Bwana Jayanti. Na wewe hukuniomba ruhusa ya kunichukulia kovu langu.

Naona unacheka. Vizuri. Jana usingecheka.

Basi nasaha yangu ni hii. Usimfukuze Mariam. Mwite, mkalishe, mpe chai, halafu mgombeze barabara, kwa sababu hakupiga hodi, na hilo ni kosa na lazima alisikie kutoka kwako. Mwambie amekudhania. Kisha jiulize na wewe kama mlango wako ulikuwa wazi, au ulikuwa ukimpa mikoba tu abebe. Ukishajiuliza, mshike mkono umfundishe, umwonyeshe ipi ni kazi na lipi ni kovu. Anayekuiga kwa kujificha anachukua vyote, na maradhi yako humo humo, na wa kumwondolea ni wewe peke yako. Na siku wewe utakapotaka kitu kutoka kwa mtu, mwulize, mwanangu. Usimjibie. Mwache aseme mwenyewe, kama ni ndiyo au siyo.

Mungu aitie baraka mikono yako, aiepushe na moto na uchoyo. Akupe wanafunzi watakaokupita, na akupe kifua cha kuwafurahia. Awarehemu walionishika mkono wakaninyoosha. Na siku ya harusi yako, nikiwa hai inshallah, nataka nikuone umekaa kitako mbele ya Mariam, akupake hina yeye, vidole vyote kumi.